Wilma Rudolph: Mbio za Roma zilizoanzia kwenye basi la Nashville

WATAZAMAJI waliofurika katika Uwanja wa Olimpiki mjini Roma, Septemba 2, 1960, walimshuhudia mwanadada mrefu, mwembamba, mwenye umri wa miaka 20, akikata utepe wa mbio za mita 100 huku wapinzani wake wakiwa mbali nyuma yake.

Siku tatu baadaye alishinda mita 200. Kisha akakimbia mkondo wa mwisho wa mbio za kupokezana vijiti, mita 100 kwa wanne, na kuipatia Marekani ushindi. Kwa matokeo hayo, Wilma Rudolph akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kunyakua medali tatu za dhahabu za riadha katika Olimpiki moja.

Waitaliano walimpachika jina la Swala Mweusi. Magazeti ya Ulaya yakaandika juu ya miondoko yake, na kila alikokwenda watu walisukumana ili wamwone.

Lakini waliomfikisha hapo hawakuwamo katika umati ule. Mama yake, aliyekuwa akifua na kupika katika nyumba za watu, alikuwa Clarksville, katika jimbo la Tennessee. Baba yake, aliyewahi kuwa mpagazi wa reli, alikuwa huko huko. Ndugu waliouchua mguu wake usiku na mchana alipokuwa mtoto nao walikuwa ng'ambo ya pili ya bahari ya Atlantiki.

Habari za nyota huyo, aliyefariki dunia mwaka 1994, zimesimuliwa mara nyingi kama za mtu mmoja aliyeshinda ulemavu. Ukiyafuatilia maisha yake kwa karibu, utagundua kuwa ni habari za familia nzima iliyogharimika miaka mingi kwa ajili ya mbio ambazo yenyewe haikupata kuzishuhudia uwanjani.

Mtoto njiti wa familia ya watoto 22

Wilma Glodean Rudolph alizaliwa Juni 23, 1940 katika eneo la Saint Bethlehem, ambalo sasa ni sehemu ya mji wa Clarksville. Alizaliwa kabla ya siku zake kutimia, akiwa na uzito wa kilo mbili hivi.

Baba yake, Ed Rudolph, alioa mara mbili, na watoto wake wote kwa jumla walikuwa 22. Wilma alikuwa wa 20. Ed alifanya kazi ya upagazi katika reli na vibarua vingine vya kuongeza kipato. Mama yake, Blanche, alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba za Wazungu wa mji huo.

Kwa familia ya namna hiyo, mtoto mwenye afya njema alikuwa mzigo wa kawaida. Mtoto mgonjwa alikuwa jambo jingine kabisa, na Wilma aliugua mfululizo. Alipata nimonia na homa ya vipele vyekundu, kisha akiwa na umri wa miaka mitano hivi akapatwa na polio. Alipona, lakini mguu wake wa kushoto ulibaki bila nguvu na unyayo wake ukapinda.

Wakati huo chanjo ya polio haikuwapo. Ile iliyogunduliwa na Dk. Jonas Salk iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1955, wakati Wilma tayari ni msichana wa miaka 14. Wazazi wa Afrika, bara lililothibitishwa kuwa huru dhidi ya virusi vya polio vya asili Agosti 2020, hawana haja ya kuelezwa sana maana ya ugonjwa huo kwa mtoto wa maskini.

Safari ya kila wiki

Enzi hizo majimbo ya kusini mwa Marekani yaliendeshwa kwa sheria za ubaguzi wa rangi. Shule zilitengwa, mikahawa ilitengwa, na matibabu nayo yalitengwa. Watu weusi wa Clarksville hawakuwa na huduma za kutosha karibu nao, hasa kwa tatizo kubwa kama la Wilma.

Blanche alipata msaada Nashville, katika Chuo cha Tiba cha Meharry, kilichoanzishwa mwaka 1876 ili kufundisha madaktari weusi. Kutoka Clarksville hadi huko ni takriban kilomita 80.

Kwa muda wa miaka miwili, mama huyo alimpeleka binti yake Nashville kila wiki kwa basi. Kwa desturi ya wakati huo, abiria weusi walikaa viti vya nyuma. Siku ya kliniki ilimaanisha siku isiyo na ujira kwa mwanamke aliyeishi kwa ujira wa siku, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi.

Kwa hesabu ya haraka, safari mia moja hivi za kilomita 160 kwenda na kurudi zinafikia kilomita 16,000. Hizo hazipishani sana na safari ya kutoka Tennessee hadi Roma na kurudi. Blanche Rudolph alikwisha kuimaliza safari hiyo kwa basi, kipande kwa kipande, kabla binti yake hajajua kukimbia.

Nashville peke yake isingetosha. Madaktari waliagiza mguu uchuliwe mara nne kwa siku, na kazi hiyo haikuwezekana kwa mama anayetoka alfajiri kwenda kazini. Basi ikagawanywa. Kaka na dada za Wilma walifundishwa namna ya kuchua, wakawa wanapokezana zamu mpaka wakati wa kulala.

Kwa miaka kadhaa Wilma alivaa vyuma vya kushikilia mguu, kisha kiatu maalumu. Kwa sababu ya maradhi alichelewa kuanza masomo, akaingia Shule ya Msingi Cobb akiwa na umri wa miaka saba. Alipofikia miaka 12 alikuwa akitembea bila vyuma wala kiatu hicho. Ndugu zake, ambao awali walikuwa tabibu zake, sasa wakawa wapinzani wake katika mpira wa kikapu.

Baba aweka sharti

Ed Rudolph alikuwa baba mkali, mwenye kuchunga sana mienendo ya mabinti zake. Wasifu wa Wilma unaeleza kuwa alipoombwa ruhusa dada mkubwa wa Wilma ajiunge na timu ya kikapu ya Shule ya Sekondari Burt, baba huyo alitoa sharti kwamba Wilma naye achukuliwe. Shabaha yake, kwa namna mzee yeyote wa malezi ya kale atakavyoelewa, ilikuwa mabinti waangaliane wawapo safarini.

Hivyo Wilma aliingia katika timu kwa mgongo wa dada yake, akakaa benchi kwa muda mrefu. Kocha wake, Clinton Gray, alimpa jina la utani la Mbu, kwa kuwa alikuwa mdogo, mwepesi na hatulii mahali pamoja. Baadaye Mbu huyo akawa mfungaji tegemeo.

Katika moja ya michezo hiyo aliyekuwa akichezesha kama refa ni Ed Temple, kocha wa riadha wa wanawake wa Chuo Kikuu cha Tennessee State kilichopo Nashville. Temple hakuvutiwa na mabao, bali na mbio za msichana yule mwenye miguu mirefu. Akamwalika katika mafunzo ya majira ya joto chuoni.

Ruhusa ya kwenda Nashville ilibidi itoke tena kwa wazazi. Safari hii mtoto alikuwa anakwenda mji ule ule alikopelekwa kutibiwa mguu, lakini sasa anakwenda kufundishwa kuutumia.

Kambi ya Temple haikuwa na anasa. Uwanja wa mazoezi ulikuwa wa vumbi, na kocha mwenyewe ndiye aliyechora mistari. Aliwasafirisha wanariadha kwa gari lake binafsi kwenda mashindanoni, wakila chakula walichofungasha kwa sababu mikahawa mingi ya njiani haikuwahudumia watu weusi. Alikuwa na nidhamu ya chuma. Inasimuliwa kuwa Wilma alipochelewa mazoezi kwa dakika 30, alizungushwa uwanja mara 30, na kesho yake akafika nusu saa kabla ya wakati.

Melbourne, akiwa mwanafunzi wa sekondari

Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 16 na bado mwanafunzi wa sekondari, Wilma alifuzu kuiwakilisha Marekani katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne, Australia. Ni michezo hiyo hiyo ambayo Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza.

Katika mita 200 aliondolewa mapema. Lakini katika mbio za kupokezana vijiti, akiwa pamoja na Mae Faggs, Margaret Matthews na Isabelle Daniels, alitwaa medali ya shaba. Wote wanne walikuwa mazao ya kocha Temple.

Kwa wazazi waliobaki Clarksville, hapo ndipo lilipoanza jambo lililowakabili wazazi wengi wa wanariadha wakubwa, nalo ni kumkabidhi mtoto kwa watu wengine na kusubiri habari. Australia ilikuwa upande mwingine wa dunia. Mtumishi wa ndani na kibarua wasingeweza kulipa nauli ya kufika huko hata wangeuza walichokuwa nacho.

Sheria za michezo za wakati ule nazo hazikuwasaidia. Olimpiki ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa tu, na mwanariadha aliyepokea malipo kwa kukimbia alipoteza haki ya kushiriki. Kwa mtoto wa tajiri, kanuni hiyo ilikuwa heshima. Kwa mtoto wa Ed na Blanche, ilikuwa na maana kwamba medali haingeleta mkate nyumbani, na kwamba gharama za kumlea, kumlisha na kumvisha bingwa zingeendelea kubebwa na wale wale waliozibeba tangu mwanzo.

Mama kabla ya chuo

Mtihani mkubwa zaidi kwa familia hiyo ulikuja mwaka 1958. Wilma, akiwa anamaliza sekondari, alipata ujauzito wa kijana aliyekuwa mpenzi wake shuleni, Robert Eldridge. Alijifungua mtoto wa kike mwaka huo huo.

Katika jamii ya wakati ule, jambo hilo lingeweza kuwa mwisho wa kila kitu. Kocha Temple alikuwa na kanuni ya kutochukua wasichana wenye watoto katika kikosi chake. Katika nyumba nyingi, baba mkali kama Ed angeweza kumfungia binti ndani na kusema michezo imekwisha.

Familia ya Rudolph ilifanya uamuzi mwingine. Mtoto alibaki mikononi mwa ndugu, na mama yake akaenda chuoni Nashville. Temple naye akalegeza kanuni yake.

Uamuzi huo haukuwa rahisi kwa upande wowote. Bibi na mashangazi walianza upya kazi ya kulea, wakati bado wanakumbuka usingizi waliokosa kwa ajili ya mguu wa Wilma. Wilma mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 18, alilazimika kuishi mbali na mwanawe ili akimbie na kusoma. Kwa kuwa hapakuwa na ufadhili kamili kwa wanariadha wa kike chuoni hapo, alifanya pia kazi ndogo ndogo ili kulipia masomo.

Yeyote anayetazama picha za Roma na kuona tabasamu la msichana wa miaka 20 hana budi kukumbuka kuwa alikuwa mama wa mtoto wa miaka miwili. Dhahabu zile tatu zilikimbiwa na mwanamke ambaye mtu mwingine, siku hiyo, alikuwa akimlishia mwanawe.

Roma, na kanda zilizosafiri kwa ndege

Julai 1960, katika mashindano ya taifa yaliyofanyika Corpus Christi, Texas, Wilma alivunja rekodi ya dunia ya mita 200 kwa kutumia sekunde 22.9. Akaenda Roma akiwa mmoja wa waliotarajiwa kufanya vyema, na Temple akiwa kocha mkuu wa timu ya wanawake ya Marekani.

Muda mfupi kabla ya kuanza mbio zake, alitumbukiza mguu katika kishimo nyasini wakati wa mazoezi na kuteguka kifundo. Ulifungwa bandeji, akaingia uwanjani.

Katika nusu fainali ya mita 100 alifikia rekodi ya dunia kwa sekunde 11.3. Katika fainali alitumia sekunde 11.0, lakini muda huo haukuandikwa kuwa rekodi kwa sababu upepo uliokuwa ukimsukuma ulizidi kiwango kinachoruhusiwa. Mita 200 alizishinda kwa sekunde 24.0.

Katika mbio za vijiti alikuwa na Martha Hudson, Lucinda Williams na Barbara Jones, wote wa Tennessee State. Waliweka rekodi ya dunia ya sekunde 44.4 katika mchujo. Katika fainali kijiti nusura kianguke kilipokuwa kikimfikia Wilma, akawa nyuma, lakini akawapita waliomtangulia na kumaliza kwa sekunde 44.5.

Michezo hiyo ya Roma ndiyo iliyompa dunia Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio za marathoni bila viatu, na bondia kijana aliyeitwa Cassius Clay, baadaye Muhammad Ali.

Nyumbani walijuaje? Mwaka 1960 hapakuwa na satelaiti ya kurusha picha za televisheni moja kwa moja kuvuka Atlantiki. Nchi kadhaa za Ulaya ziliweza kutazama mashindano yakiendelea, lakini Marekani ilikuwa na utaratibu wa aina yake. Kampuni ya CBS, iliyolipa dola 394,000 kwa haki za matangazo, ilirekodi mashindano kwenye kanda, ikazisafirisha kwa ndege hadi New York na kuzionyesha saa kadhaa baadaye.

Kwa hiyo Mwitaliano aliyeketi sebuleni kwake Milano aliweza kumwona Wilma akikata utepe kabla ya watu wa Clarksville kupata picha yake. Roma ikiwa alasiri, Tennessee ilikuwa bado asubuhi, saa za watu kuwa kazini. Habari za redio na magazeti zilitangulia, na picha zikafuata baada ya matokeo kujulikana.

Hali hiyo ilianza kubadilika miaka minne baadaye, Olimpiki ya Tokyo 1964 ilipotumia satelaiti. Kwa wazazi wa kizazi cha Blanche, mwana alikimbia kwanza, na wao wakasimuliwa baadaye.

Siku ambayo familia iliona

Baada ya Roma, timu hiyo ilizunguka miji ya Ulaya ikishiriki mashindano, na Wilma akazidi kuchelewa kurudi nyumbani. Hatimaye Clarksville ilitangaza Oktoba 4, 1960 kuwa siku ya kumkaribisha.

Mipango ya sherehe iligonga mwamba mmoja. Kwa desturi ya Tennessee, hafla za mji zilifanyika kwa kutenganisha weupe na weusi, na gavana wa jimbo wakati huo, Buford Ellington, alikuwa amechaguliwa akiwa mtetezi wa utengano huo. Wilma alikataa kuhudhuria sherehe ya namna hiyo.

Mji ukakubali. Maandamano ya kumpokea na chakula cha jioni kilichohudhuriwa na watu zaidi ya 1,000 vikawa shughuli za kwanza za mji huo ambamo weupe na weusi walijumuika pamoja bila kutengwa.

Tukio hilo huandikwa katika vitabu vya historia kwa sababu ya siasa zake, na ni haki. Lakini lina maana nyingine kwa upande wa familia. Mji ambao Blanche alizoea kuingia katika nyumba zake kama mtumishi, sasa ulijipanga barabarani kumshangilia binti aliyemzaa yeye.

Miaka miwili na nusu baadaye, Mei 1963, Wilma alikuwa miongoni mwa watu walioandamana mjini humo wakidai mgahawa mmoja uliokuwa ukiwakataa weusi ufungue milango yake. Shangwe za mwaka 1960 hazikuwa zimemaliza kazi.

Sifa bila mshahara

Mwaka 1961 Wilma alipokewa na Rais John F. Kennedy katika Ikulu ya Marekani. Julai 19 mwaka huo, mjini Stuttgart, aliweka rekodi mpya ya dunia ya mita 100 kwa sekunde 11.2. Alipewa pia Tuzo ya Sullivan, inayotolewa kwa mwanamichezo bora wa ridhaa nchini humo.

Mwaka 1962, baada ya kushinda mita 100 na mbio za vijiti katika pambano la Marekani na Urusi ya Kisovieti kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Stanford, alitundika viatu akiwa na umri wa miaka 22 tu. Wengi walimtaka akimbie Tokyo. Yeye aliona ni bora kuondoka akiwa juu. Nafasi yake ilichukuliwa na Wyomia Tyus, msichana mwingine wa Temple, aliyeshinda mita 100 mwaka 1964 na kulitetea taji hilo mwaka 1968.

Mwaka 1963 alihitimu shahada ya ualimu. Mwaka huo huo serikali yake ilimtuma Afrika Magharibi kama balozi wa nia njema. Alihudhuria Michezo ya Urafiki mjini Dakar, Senegal, na kutembelea Ghana, Guinea, Mali na Upper Volta, nchi inayojulikana sasa kama Burkina Faso.

Alirudi Clarksville akafundisha katika Shule ya Cobb, ile ile aliyoingia akichechemea, na kufundisha riadha Burt. Ndoa yake ya kwanza, na mwanariadha William Ward, iliyofungwa mwaka 1961, ilivunjika mwaka 1963. Akaolewa na Eldridge, baba wa mtoto wake wa kwanza, wakapata watoto wengine watatu kabla ya ndoa hiyo nayo kuvunjika.

Kwa miaka mingi bingwa huyo alihama mji hadi mji akitafuta kazi ya kumtosha yeye na watoto wanne. Alishiriki katika miradi ya vijana, ukiwamo mpango wa michezo wa vitongoji maskini alioalikwa na Makamu wa Rais Hubert Humphrey mwaka 1967. Jina lilikuwa kubwa, kipato kidogo. Wanariadha wa siku hizi wanaolipwa kwa kuvaa viatu vya kampuni fulani wangeshangaa kusikia kwamba mwanamke aliyekuwa na kasi kuliko wote duniani alihangaikia kodi ya nyumba.

Mwaka 1977 ulichapishwa wasifu wake alioutunga mwenyewe, na filamu ya televisheni ikatengenezwa kutokana na maisha yake. Nafasi ya Blanche ilichezwa na Cicely Tyson, na miongoni mwa waigizaji alikuwamo kijana asiyejulikana wakati ule, Denzel Washington. Mwaka 1981 Wilma alianzisha taasisi yenye jina lake, ya kuwasaidia watoto maskini kupata walimu wa michezo na wa masomo.

Kuna mantiki katika chaguo hilo. Aliyekuwa na kundi la ndugu la kumchua mguu alijua kuwa watoto wengi hawana kundi kama hilo.

Mama na binti, mwaka mmoja

Blanche Rudolph alifariki dunia mwaka 1994. Muda mfupi baadaye, Julai mwaka huo huo, madaktari walimgundua Wilma kuwa na saratani ya ubongo. Aliugua pia saratani ya koo.

Katika miezi yake ya mwisho, rafiki na kocha wake wa zamani, Ed Temple, alikuwa akimtembelea na kutembea naye taratibu katika uwanja wa Tennessee State. Wilma alifariki Novemba 12, 1994, nyumbani kwake Brentwood, karibu na Nashville, akiwa na umri wa miaka 54. Bendera za jimbo zilipeperushwa nusu mlingoti. Temple alimfuata Septemba 2016, akiwa amewatoa wanariadha 40 wa Olimpiki na medali 23.

Barabara kuu ya Clarksville inaitwa kwa jina la Wilma, na sanamu yake ya shaba ilisimamishwa mjini humo mwaka 1996. Huko Berlin, shule moja ilipewa jina lake. Mwaka 2004 Shirika la Posta la Marekani lilitoa stempu yenye picha yake.

Blanche hana sanamu, na kaka na dada waliopokezana zamu za kuchua mguu hawamo katika orodha yoyote ya kumbukumbu za Olimpiki. Ndivyo ilivyo kwa familia nyingi za wanamichezo. Kila inapofika misimu ya mashindano makubwa, wapo wazazi wanaohesabu nauli na kugundua kwamba hazitoshi, wapo bibi wanaobaki na wajukuu, na wapo ndugu wanaotazama kwenye kioo kidogo kilicho mbali na uwanja.

Teknolojia imeondoa kusubiri kanda ishushwe kwenye ndege, lakini haijaondoa bei ya tiketi, wala zamu ya yule anayebaki nyumbani kulea. Vyama vya michezo na serikali zinazopenda kupiga picha na washindi uwanja wa ndege zingefanya jambo la maana kuuliza, kabla ya mashindano na si baada yake, ni nani aliyemlea mshindi huyo, na kama naye amepata nafasi ya kumwona.

Kwa Wilma Rudolph jibu lilikuwa wazi. Kilomita 16,000 za basi, viti vya nyuma, na mikono ya ndugu mara nne kwa siku, ndizo zilizotangulia sekunde 11 za Roma.